Mgongo wa Biharusi

Jumamosi, 4 Januari 2025

Kaskazi imeshika. Mdogo wangu kaniita chumbani, kafungua kanga, kanigeuzia mgongo. Kuanzia mabegani hadi kiunoni ni vipele vyekundu, vyote vya ukubwa mmoja, na katikati yake madoa meusi ya vile alivyovikamua. Harusi ni mwisho wa Shaabani. Kumbe amekuwa akijipaka krimu ya kung'arisha, aliyoinunua dukani bila karatasi ya maelezo. Nimeligeuza boksi: kwa herufi ndogo imeandikwa klobetasoli. Hiyo ni dawa kali ya ukurutu, hupakwa kwa muda mfupi tu. Ukizoea kuipaka, yenyewe ndiyo huotesha vipele na kuifanya ngozi nyembamba.

Jumanne, 14 Januari

Tumevuka asubuhi kwa mtumbwi, kisha gari hadi mjini Wete kwa daktari. Daktari kauliza kwanza harusi lini, mdogo wangu akaona haya. Swali lilikuwa na maana: vidonge vya doksisaiklini na krimu za jamii ya vitamini A hapewi mwanamke anayeweza kushika mimba karibuni. Kampa benzoili peroksaidi ya asilimia 5, apake mgongoni, aiache dakika chache, aoshe. Inapausha nguo, kwa hiyo nimemtengea kanga kuukuu. Mafuta ya nazi yasifike mgongoni, yanaziba vinyweleo.

Na madoa? Hayo ni alama za uvimbe uliokwisha, huondoka kwa miezi, na jua huyakoleza. Hapo uso ulimshuka.

Binamu yetu aliyerudi dago, kambi ya wavuvi, tulikuwa naye, kifua kizima mabaka meupe. Yake ni mba, yaani ukungu, akaandikiwa shampuu ya ketokonazoli. Nyumbani walishamshauri atumie dawa moja na mdogo wangu, isingemfaa kitu.

Alhamisi, 20 Februari

Alipoacha krimu ya dukani vipele vilizidi kwanza, kama daktari alivyotuonya, sasa vinakauka. Leo ni singo, msuguo wa biharusi: karafuu, liwa, mawaridi makavu, chumba kizima kinanukia. Somo, kungwi wake, kataka kumsugua mgongo mpaka taka zitoke.

"Shikamoo somo, mgongo tuuache."

"Marahaba mwanangu. Sie tulisingwa mwili mzima na hatukufa."

Kweli hawakufa, lakini hawakutanguliziwa klobetasoli. Karafuu huwasha ngozi iliyochubuka, na kusugua huzidisha madoa. Tumeelewana: singo mikononi na miguuni, mgongo usiguswe. Somo kanuna mpaka chai ya alasiri.

Shangazi kaleta sabuni ya "kutakatisha", haina jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo. Sabuni za namna hii ndimo zebaki hufichwa. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi, na huku inaharibu figo. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, unazitaja bidhaa hizo kwa sababu hiyo. Shangazi kasema namwonea wivu mdogo wangu. Sabuni haikuingia chumbani.

Jumamosi, 12 Aprili

Idi imepita. Vipele vipya havitoki. Madoa ya mabegani yamefifia, ya katikati ya mgongo bado meusi, na ndivyo alivyoolewa. Mume hajauliza.

Wa kuolewa mwakani ni mdogo wetu wa mwisho. Yeye daktari tutamwona miezi sita kabla, na krimu isiyo na karatasi haiingii nyumba hii.