Fimbo ya Mbali

Wahenga walituachia methali nyingi juu ya ulinzi wa mali, na mbili kati ya hizo hunijia akilini mara kwa mara katika miaka hii ya kamera. Ya kwanza yasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ya pili yasema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ya kwanza ndiyo iliyotufanya tununue kamera. Ya pili tumeisahau.

Pita leo katika mtaa wowote wa watu wenye kipato cha wastani jijini Dar es Salaam, utaona macho madogo ya kioo yamening'inizwa chini ya mapaa, juu ya mageti, hata juu ya kaunta za maduka ya rejareja. Zamani vitu hivi vilikuwa vya mabenki na balozi. Siku hizi kamera moja hupatikana kwa fedha isiyotosha kununua gunia la mchele. Mwenye nyumba huifunga, huiunganisha na simu yake, kisha hulala usingizi wa amani. Ni wachache wanaouliza swali dogo: je, picha zile hukaa wapi?

Kwa kamera nyingi za bei nafuu jibu ni kwamba hukaa mbali. Kamera huzipeleka kwa njia ya intaneti mahali ambapo wauzaji hupaita wingu. Tusidanganyike na jina. Wingu hilo ni majumba yaliyojaa kompyuta, aghalabu ng'ambo, na mwenye kamera hulipa ada ya kila mwezi ili picha zake zihifadhiwe humo. Mbuzi akipita mbele ya geti lako hapa Tabata, picha yake huweza kusafiri chini ya bahari, ikahifadhiwa nchi nyingine, kisha ikarudi kwenye simu yako nawe umekaa sebuleni, hatua ishirini kutoka getini.

Safari hiyo hupita katika nyaya zinazolala chini ya bahari. Pwani yetu ya mashariki imeutegemea sana mkongo wa Seacom, ulioanza kazi mwaka 2009, na ule wa EASSy, ulioanza mwaka 2010. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi kadhaa za Afrika Mashariki, yetu ikiwamo, zikajikuta na intaneti dhaifu mno, na kwa wengi haikuwapo kabisa. Wafanyabiashara walilalamika, wanafunzi walilalamika. Kamera hazikulalamika. Taa zao ziliendelea kuwaka kama kawaida, na mtu akizitazama angedhani zinafanya kazi.

Ni katika siku zile ambapo pampu ya maji iliibwa usiku katika nyumba moja ya mtaani kwetu. Asubuhi yake msichana wa kazi wa nyumba ile alikuwa ameondoka saa kumi na mbili, kwa ruhusa, kwenda Morogoro kumwona mama yake mgonjwa. Mambo haya mawili yalipowekwa pamoja, hukumu ikawa tayari: huyu binti ndiye aliyewafungulia wezi geti. Simu za kawaida zilikuwa zikifanya kazi, hivyo akapigiwa arudi, naye akarudi jioni ileile. Tajiri wake akafungua simu ili atuonyeshe ushahidi wa kamera. Palikuwa na picha za Jumamosi. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Kikao kilikuwa kibarazani kwa mjumbe, nami nilikuwapo. Binti alisema neno moja tu, akalirudia: "Baba, mimi sikufungua geti." Wengine walikwisha kutaja polisi. Ndipo mama mwenye duka la ng'ambo ya njia aliposimama akasema, "Mjumbe, kabla hamjampeleka mtoto wa watu, njooni kwanza mtazame kamera yangu. Mimi ile ada ya kila mwezi ilinishinda. Fundi alinitilia kadi tu."

Kadi yenyewe ni kama ile ya simu, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ilichomolewa, ikatiwa katika kompyuta ya kijana mmoja, tukainama wote kutazama. Kwanza tulikata tamaa, kwani tarehe iliyoandikwa juu ya picha ilikuwa 1 Januari 1970. Kijana akatueleza. Kamera nyingi za aina ile hazina betri ya kutunza saa, bali huuliza saa kwenye intaneti kila ziwashwapo. Usiku ule umeme ulikatika ukarudi, kamera ikauliza, isijibiwe, ikaanza kuhesabu upya kutoka tarehe yake ya kwanza.

Tukahesabu wenyewe. Umeme ulirudi saa nne usiku, jambo ambalo kila mmoja alilikumbuka. Saa tano baadaye, yaani kwenye saa tisa, mtu alionekana akipanda ukuta wa jirani kwa upande wa shimo la taka, na baada ya dakika chache akashuka na mzigo begani. Kamera ile hunasa sauti pia, na kiasi cha saa mbili baadaye ikasikika adhana ya alfajiri kutoka msikiti wetu. Hesabu ikakubaliana. Na katika muda wote ule geti halikufunguka hata mara moja, hadi binti alipotoka asubuhi na mfuko wake mmoja. Mwizi hatukumtambua, na pampu haikupatikana. Lakini binti hakupelekwa popote.

Tangu siku ile watu wengi wa mtaani wamenunua kadi. Hesabu yake si ngumu. Kamera inayotoa picha safi za kawaida, ikitumia megabiti mbili kwa sekunde, hujaza takriban gigabaiti 22 kwa siku. Kadi ya gigabaiti 128 basi hutunza karibu siku sita, kisha picha mpya huanza kufuta zile za zamani. Kwa hiyo likitokea jambo, kadi ichomolewe mapema. Mwenye kamera nne hufanya vizuri akiweka mashine ya kurekodia yenye diski. Diski ya terabaiti moja itampa kiasi cha siku kumi na moja, na mashine hiyo huwa na betri yake ndogo ya saa. Kamera zilizounganishwa nayo kwa waya hazihitaji intaneti ili zirekodi. Zinahitaji umeme tu, na kwa hilo betri ya akiba yahusika.

Sisemi kwamba kuhifadhi mbali ni upumbavu. Mwizi mwerevu huichukua mashine pamoja na televisheni, na nyumba ikiungua, diski huungua nayo. Kwa sababu hiyo mashine ifichwe na kufungiwa, na anayeweza apeleke nakala ng'ambo pale njia inapokuwa wazi. Lakini nakala ya ng'ambo iwe ya pili, isiwe ya pekee. Na wala tusidhani kwamba ni bahari tu yenye kukata njia. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na siku kama zile ndizo ambazo mtu huhitaji zaidi kujua nini kilipita mbele ya geti lake.

Tunaponunua kamera twajifikiria sisi wenyewe, mali zetu na wezi wetu. Hatumfikirii yule ambaye siku moja atasimama kibarazani akiwa hana shahidi. Mwenye nyumba aliyekosa picha alipoteza pampu, kitu ambacho dukani kipo. Msichana wa kazi akikosa picha hupoteza jina, na jina la maskini likishachafuka halina duka linaloliuza. Mara nyingi mnyonge ndiye aulizwaye kwanza kitu kinapopotea, naye ndiye asiyekuwa na kamera yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo naiona kadi ile ndogo kama daftari la nyumba. Wazee wetu walilitunza daftari sandukuni, pale ambapo mkono waweza kulifikia hata usiku wa giza. Hawakumpa msafiri aende nalo, wakabaki wakiomba njia isikatike.