Furukombe Niliyemharibu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na mara hii siwezi kusingizia kazi. Nilikuwa nikipigana na picha moja.

Iko hivi. Nilienda Ziwa Naivasha na kamera yangu ya dijitali. Mzee aliyenitembeza kwa mashua alichomeka kipande cha funjo ndani ya samaki ili aelee, akapiga mluzi, akamrusha majini. Furukombe akashuka kutoka mgungani, kucha mbele. Nikabonyeza. Mzee ameifanya kazi hiyo miaka mingi na hana hata picha moja ya huyo ndege "wake". Nikamwahidi moja ya kutundika ukutani.

Nyumbani nikaifungua kwenye GIMP. Lo! Kichwa na kifua vilikuwa vyeupe pe, bila unyoya hata mmoja. Maji meusi yalikuwa yamejaa kwenye fremu, kamera ikadhani kuna giza, ikaongeza mwangaza. Wenzangu waandishi wa programu mnajua kwamba JPEG ya kawaida ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, kuanzia 0 hadi 255. Pikseli ikishafika 255, imegonga dari. Nilipopunguza mwangaza, weupe uligeuka kijivu kama chokaa kuukuu. Manyoya hayakurudi, maana hayakuwa yamerekodiwa.

Badala ya kukubali, nikahamia kwenye ukali wa picha. Kichujio cha kunoa hufanya hesabu rahisi: hutengeneza nakala yenye ukungu, huitoa kwenye picha asili, kisha tofauti inayobaki, yaani zile kingo, huongezwa juu ya picha. Hakileti kitu kipya, hukuza kilichopo. Mabawa yalikuwa na ukungu wa mwendo kwa sababu nilipiga kwa 1/250 ya sekunde. Nikanoa, nikanoa tena. Ndege akazungukwa na mstari mweupe kama aliyekatwa kwa makasi akabandikwa, na maji yakajaa chenga.

Halafu nikaihifadhi. Juu ya faili asili. Mimi, ninayewakemea wenzangu ofisini wasipohifadhi matoleo ya kodi yao! Na kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta. (Haya, chekeni.)

Siku chache baadaye Mzee akapiga simu: "Kijana, ndege wangu amefika wapi?" Nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Samaki bado wapo. Njoo."

Jumamosi nikarudi. Sasa nilitumia 1/2000, faili ghafi ya biti 14 (ngazi 16,384), na mwangaza nikaushusha stopu moja chini ya ule kamera iliotaka. Kwenye skrini ndege alionekana mweusi mweusi, lakini histogramu haikugusa ukuta wa kulia. Nyumbani nikainua vivuli polepole, na manyoya ya shingo yakajitokeza moja moja. Kunoa nikakuacha mwisho kabisa, baada ya kuipa picha ukubwa wa kuchapishwa, tena juu ya ndege peke yake. Maji sikuyagusa. Chenga chache zimebaki kwenye bawa la kushoto, nami nimeziacha.

Picha iko kwa mchapishaji, naichukua Ijumaa. Faili asili ziko mahali patatu.