Turbo kubwa kwenye lori la mjomba

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na wale mnaonifahamu mmedhani ni kazi za ofisi. La. Nilikuwa gereji, mikono imejaa oili, nikirekebisha kosa nililolifanya nikiwa nimekaa vizuri kitini na kipakatalishi mapajani. Kwa hivyo leo hakuna habari za hifadhidata wala za seva. Leo ni lori.

Lori lenyewe ni la mjomba wangu. Hubeba viazi kutoka Kinangop hadi soko la Kongowea kule Mombasa, na akirudi hutafuta mzigo wowote, mara nyingi chumvi. Injini ni Cummins 6BT, ile ya lita 5.9 yenye silinda sita. Pampu ya dizeli ni chuma kitupu, hakuna kompyuta popote. Mkopo wa sacco uliolinunua bado haujaisha, na mimi ni mmoja wa wadhamini. Lori likilala, simu yangu pia hulia.

Mwaka jana turbo ilikufa. Mhimili ulikuwa unacheza hadi mapezi yakaanza kukwaruza ganda, na oili ikawa inapita kwenye bomba la hewa. Fundi wake, jamaa mtaratibu ambaye hajawahi kumdanganya, akampa njia mbili. Ya kwanza, kuitengeneza ile ya zamani kwa kuitia katriji mpya. Ya pili, kuchukua turbo kubwa zaidi, Holset HX40, iliyotoka kwenye injini ya lita 8.3 na ikiwa bado nzima. Hiyo ya pili ilikuwa bei nafuu kuliko katriji. Na kubwa si ndiyo nguvu zaidi?

Mjomba akanipigia simu. "Kijana wangu, wewe ulisomea kompyuta. Nipigie hesabu."

Nikaipiga, na niseme ukweli, niliifurahia sana. Injini ya mipigo minne huvuta nusu ya ujazo wake kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, lita 5.9 zinakuwa kama lita 7,400 za hewa kila dakika. Punguza kidogo kwa sababu silinda hazijai kabisa, halafu zidisha kwa presha ya turbo. Nilichukua bar 1.2 juu ya presha ya anga, hewa ikiwa imepozwa hadi nyuzi 60. Programu yangu ya Python, mistari kama arobaini hivi, ikasema kilo 15 za hewa kwa dakika.

Kisha unachukua ramani ya kompresa. Kwa wasioijua, ni mchoro ambao mstari wa chini ni uzito wa hewa, na mstari wa kusimama ni mara ngapi turbo inaizidisha presha. Katikati kuna visiwa vya ufanisi, kama mistari ya mwinuko kwenye ramani za jiografia za kidato cha pili. Ukivuka ukingo wa kushoto, hewa inarudi nyuma na turbo inakohoa. Ukivuka ule wa kulia, inazunguka kwa kasi ya kujiua huku haisukumi chochote cha maana. Nukta yangu ilitua katikati, mahali pazuri kabisa. Nikamtumia mjomba ujumbe wa neno moja: "Weka."

Turbo ikawekwa. Kulikuwa na kuchonga flanji upya, bomba la oili likaongezwa urefu, mambo ya kawaida ya gereji. Ikapakiwa viazi Njabini jioni.

Alitakiwa kuwa Kongowea kabla ya alfajiri. Alifika saa nne asubuhi, wanunuzi wakubwa wakiwa wameshajaza magari yao na kuondoka. Waliobaki walijua hana pa kuvipeleka viazi hivyo, wakampa bei ya waliobaki. Alipopiga simu hakugomba. Alisema tu, "Lori limekuwa mzee." Ningependelea angegomba.

Sasa tuje kwenye kosa. Nilipiga hesabu kwenye mizunguko 2,500, yaani injini ikiwa imeshachangamka. Tena nilitumia presha ya hewa ya Mombasa, kilopaskali 101, kwa sababu ndiyo namba iliyo kwenye kila mfano wa vitabuni. Wenzangu wa programu mtanielewa: ni kama kuipima tovuti kwenye mashine ya ofisini, wakati wateja wako wote wako kwenye simu za bei rahisi kijijini.

Kosa kubwa zaidi ni swali lenyewe. Niliuliza kama turbo inaweza kuipa injini hewa ya kutosha. Sikuuliza kama injini ina moshi wa kutosha wa kuizungusha turbo. Tangu Mswisi Alfred Büchi apate hataza yake mwaka 1905, wazo ni lile lile: upande wa moto ndio unaolipa gharama zote za upande wa hewa. Ganda la upande wa moto la hizi Holset huwa na namba. La zamani letu lilikuwa 12, hili jipya 18, na ni ukubwa wa njia ya moshi kwa sentimita za mraba. Fikiria mpira wa kumwagilia maji. Ukiuminya mdomo, maji yanaruka hadi kwa jirani. Ukiuacha wazi, yanakumwagikia miguuni. Injini ya lita 8.3 ina moshi mwingi wa kujaza njia ya 18. Ya lita 5.9 ikiwa kwenye mzunguko wa chini haina.

Mjomba aliporudi Nairobi na chumvi, fundi alijaribu kusaidia. Akafungua skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke. Mantiki yake haikuwa mbaya: dizeli zaidi, moto zaidi, turbo iamke mapema. Mimi nilikuwa nimeshaingiwa na wasiwasi, kwa hivyo nikaja na vifaa vyangu. Arduino moja, chipu ya MAX6675 na waya wa kupima joto uliochomekwa kwenye ekzosi kabla ya turbo, na sensa ya presha ya MPX4250 kwenye bomba la hewa. Kila kitu kiliandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Mizunguko niliisoma kwa macho kwenye dashibodi na kuiandika daftarini, na mwandiko wangu kwenye lori linalotikisika ni aibu tupu.

Tukatoka Nairobi usiku, mimi katikati, tanboi dirishani. Hadi Limuru mambo yalikuwa ya kuvumilika. Baada ya hapo kila kilima kilikuwa na hadithi moja. Mjomba anaifikisha injini 2,400, turbo inaimba, anabadilisha gia, injini inaanguka hadi 1,600, turbo inalala. Anasubiri. Lori linazidi kupungua kasi, anarudisha gia, tunaanza upya. Nyuma yetu moshi mweusi ulikuwa umefunika taa za magari.

Karibu na Kimende nilitazama skrini: mizunguko 1,400, presha bar 0.3, joto la ekzosi nyuzi 760. Nikamwambia, "Mjomba, egesha." Akaniangalia. "Mlimani hapa?" "Egesha tu."

Watu wengi wa injini hizi hawapendi kupita nyuzi 700 kwa muda mrefu, na sisi tulikuwa tumezipita tangu kilima cha nyuma. Pistoni ni za alumini, na alumini huyeyuka karibu na nyuzi 660. Hazifiki joto la moshi wenyewe kwa sababu oili hurushwa chini yake kuzipoza, lakini hilo ni jambo la kukuokoa, si la kulitegemea usiku kucha ukiwa na tani za chumvi mgongoni.

Tuliwasha taa za dharura, tanboi akaweka mawe chini ya magurudumu, nami nikafungua kipakatalishi. Pale juu anga ina kilopaskali 76 hivi. Ongeza 30 za turbo, unapata 106. Yaani kwa mzunguko ule, injini ya mjomba yenye turbo kubwa ilikuwa inapumua karibu sawa na injini isiyo na turbo kabisa ikiwa imeegeshwa ufukweni Mombasa. Kilo 4.2 za hewa kwa dakika, na pampu ikiwa imefunguliwa kuipa dizeli ya injini kubwa. Hewa haitoshi, mafuta yamezidi, kinachobaki ni moshi na joto.

Na urefu kutoka baharini unaumiza mara mbili. Ili injini ipate ile presha kamili niliyoipigia hesabu, bar 2.2 ukihesabu na anga, Mombasa turbo inaizidisha hewa mara 2.2 tu. Kimende ni karibu mara 2.9. Nukta yangu nzuri ya katikati inapanda ramani na kusogea kuelekea ukingo wa kukohoa. Kwa hivyo hata kama tungepata moshi wa kutosha, ile "Weka" yangu ilikuwa ya lori la pwani.

Nilimweleza mjomba yote haya palepale, kwa mwanga wa skrini. Alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo ile ya zamani ilikuwa sawa?" Nikasema ndiyo. "Na wewe ulijua lini?" Nikasema sasa hivi. Tanboi alicheka, mjomba hakucheka. Tulifika nyumbani kwa gia ya pili, kasi ya baiskeli, skrubu ya pampu tukiwa tumeirudisha kwa spana ya kuazima.

Kuna njia za kufaidi turbo kubwa. Unaweza kuziunganisha mbili, ndogo iamke kwanza na kubwa iisukumie hewa. Injini mpya zina turbo inayobadilisha upana wa njia ya moshi yenyewe, lakini hiyo inataka kompyuta ya kuiongoza. Kwa lori la viazi lenye deni, sikuona hata moja ya maana. Nililipa katriji mimi mwenyewe, fundi akaifunga ndani ya maganda yale yale ya zamani, na pampu ikarudishwa ilivyokuwa.

Wiki iliyopita tulipanda tena, chumvi ile ile, kilima kile kile. Mizunguko 1,400: bar 0.9, nyuzi 590, hewa zaidi ya kilo 6 kwa dakika. Mjomba hakubadilisha gia hadi Flyover.

Kifaa changu amekataa kukirudisha. Amekibandika kwenye dashibodi na ameandika 650 kwa kalamu ya wino mzito pembeni yake, na sasa tanboi ndiye mwenye kazi ya kuisoma namba kwa sauti kila wakipanda. Ile HX40 iko chini ya meza yangu ya kazi, inashikilia mlango usifungwe na upepo. Msimbo wa Arduino nikishausafisha nitauweka hapa.