Sufi, Sufu na Unga wa Mbao

Sufi na sufu hutenganishwa na irabu moja tu, lakini ukishika pini utajua si ndugu. Sufi ni ya mti, ule msufi wa Pwani unaopasua maganda yake na kumwaga nyuzi nyeupe. Kwa mto wa kulalia, raha tupu. Kwa kimto cha pini ni nyepesi mno: ukichomoa pini, kimto chote kinafuata mkono.

Mafundi wengi hujaza pamba, maana iko tu. Shida ni kwamba pamba hunywa unyevu. Msimu wa mvua pini zinalala safi, zinaamka na kutu. Unga wa mbao wa seremala ni wa bure na hushika pini imara, mradi uuanike kwanza.

Haya yote nimeyachunguza kwa sababu ya mama. Kisukari kimemharibu macho, na cherehani hajaiacha. Pini anazitafuta kwa kupapasa. Kimto kikiteleza, pini zinaishia sakafuni, na mjukuu wake siku hizi anatambaa.

Basi nimemshonea kipya cha kitenge: chini kifuko cha mchanga mkavu ili kitulie mezani, juu sufu ya kondoo isiyooshwa sana, ibaki na mafuta yake yanayozuia kutu.

Alikibonyeza, akanusa vidole. "Mwanangu, hiki kinanuka zizi."

Halafu akaanza kuhamisha pini zake, moja moja, akizihesabu kwa sauti.