Utrecht: Nyumba Yenye Kuta Zinazohama

Ukifika Amsterdam, usiishie kwenye mifereji na maduka. Panda treni, na baada ya kama nusu saa uko Utrecht. Huko, mwisho wa safu ya nyumba za matofali za kawaida kabisa, imesimama nyumba ya Schröder: kuta nyeupe na kijivu, vyuma vyekundu, vya njano na vya bluu.

Ilijengwa mwaka 1924. Mwenyewe, Truus Schröder, alikuwa amefiwa na mume mwaka uliotangulia, na ana watoto watatu. Enzi za ndoa, yeye na mumewe hawakuelewana kuhusu malezi. Sasa alitaka nyumba ya kulea anavyoona yeye. Akamtafuta Gerrit Rietveld, fundi samani aliyekuwa akiingia kwenye usanifu wa majengo, wakaichora pamoja.

Utamu wote uko ghorofani. Mchana pale juu ni ukumbi mmoja mpana. Usiku unasukuma kuta nyembamba kwenye reli zake, na ghafla una chumba cha mvulana, cha wasichana na cha mama. Ukifungua dirisha la pembeni, kona yenyewe inatoweka, kwani haina nguzo. Kanuni za ujenzi za wakati ule zisingekubali mambo hayo, hivyo kwenye ramani ghorofa hiyo ikaandikwa kuwa ni dari tu!

Haikuwa raha tupu. Kuta nyembamba hazifichi sauti, na watoto walitaniwa shuleni kwa kukaa kwenye nyumba ya ajabu. Lakini mama huyo aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1985. Mwaka 2000 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Kilichonigusa si rangi. Sisi wengi tunatenga sebule nzuri kwa ajili ya wageni, sofa zimefunikwa vitambaa, huku watoto wakibanana chumba kimoja. Truus alianza na wanaolala humo ndani.

Kwa hiyo, wapenzi, kabla hamjaenda kuchagua sofa, kaeni chini muulizane: kila mmoja wetu atakaa wapi akitaka kuwa peke yake, na wote tutakutana wapi? Mkishajibu, rangi ni kazi ndogo.

Ukienda, nunua tiketi mapema kwenye intaneti. Wanaingiza watu wachache wachache.