Mgeni Njoo, Pap Onditi Ipone

IWAPO hujawahi kufika Pap Onditi, msomaji mpenzi, fuatana nami katika safari hii fupi. Panda matatu mjini Kisumu, ukate uwanda wa Kano hadi Ahero, kwenye mashamba ya mpunga ambako yangeyange weupe hutembea majini kama watu waliopoteza kitu. Shika barabara ya Kisii, na ukifika Katito ukunje kulia, uelekee Kendu Bay. Kushoto kwako utaona miinuko ya Nyabondo imesimama kama ukuta. Kulia, nchi inateremka taratibu kwenda ziwani. Mbele kidogo ndipo Pap Onditi.

"Pap" kwa Kijaluo ni uwanja. Hapa si mahali panapochapishwa kwenye kadi za posta. Utakuta ofisi za serikali za Nyakach, hospitali, soko, maduka, waendeshaji boda boda wakigombea abiria na akina mama waliopanga omena kwenye mafungu.

Sasa nikupe kazi. Tuseme basi limesimama hapo sokoni asubuhi na wakateremka maafisa kumi wa jeshi, meja na kanali kutoka nchi kumi mbalimbali, waliokuja Kenya masomoni. Umeambiwa: "Hawa ni wageni wetu. Una siku moja. Waonyeshe Kenya ni nchi ya namna gani." Je, ungewapeleka wapi?

Usicheke. Jambo hili si ndoto. Kule Karen, Nairobi, Chuo cha Ulinzi wa Taifa kilichoanzishwa mwaka 1997 husomesha maafisa wetu pamoja na wenzao wa nchi rafiki, na ziara za kuiona nchi ni sehemu ya masomo yao. Lakini waliolifanya jambo hili kuwa mpango mkubwa wenye sheria na bajeti yake ni Wamarekani. Hebu tuanzie kwao, kisha turudi Nyakach.

MGENI KANSAS

Katikati ya Marekani, jimbo la Kansas, kuna kambi iitwayo Fort Leavenworth. Mwaka 1894 chuo cha kambi hiyo kilipokea mwanafunzi wake wa kwanza kutoka nchi za nje, afisa wa Uswisi. Tangu hapo wamepita maelfu, wakiwemo wengi wa Afrika. Mwaka 1976 bunge la Marekani liliweka mpango maalumu wa kugharimia masomo ya wanajeshi wa nchi rafiki, na masomo hayo hayaishii kwenye ramani na bunduki.

Mgeni hutolewa kambini akatembezwa. Hupelekwa kwenye bunge la jimbo, mahakamani, gazetini, shuleni, kiwandani na shambani. Familia za mji humchukua kama ndugu, zikamwalika mezani wakati wa sikukuu na kumwonyesha mkewe duka lenye unga unaofaa.

Fikiria meja aliyetoka nchi ambayo akiingia ofisini raia wote hunyamaza. Anaketishwa mahakamani na kuwaona raia 12 wa kawaida, fundi bomba, mwalimu, mwuza duka, wakisikiliza kesi ili waamue kama mshtakiwa ana hatia. Jioni anaenda kwenye mkutano wa baraza la mji, ambako bibi kizee anasimama na kumwuliza meya kwa nini takataka hazijazolewa. Meya hapandwi na hasira. Anatafuta karatasi zake! Hakuna kitabu cha vita kitakachomfundisha meja huyo somo kama lile.

AIBU ZA MWENYEJI

Lakini mwenyeji naye ana vyumba asivyopenda kuvifungua. Si mbali na Fort Leavenworth kuna mji wa Topeka, ambako wazazi Weusi walishtaki kwa sababu watoto wao walibaguliwa shuleni. Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1954 ikaamua kwamba ubaguzi katika shule za umma ni kinyume cha katiba.

Wanajeshi wa anga kutoka nchi za nje husomea kambi ya Maxwell, mjini Montgomery, Alabama. Katika mji huo, tarehe 1 Desemba 1955, Bi Rosa Parks alikataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi. Weusi wa Montgomery walisusia mabasi kwa siku 381 hadi walipopata haki yao. Hivyo afisa Mwafrika anayesoma hapo analala katika mji uliowahi kuwabagua watu wa rangi yake. Angefichwa vipi? Kumficha kungekuwa kumdharau. Akionyeshwa, huona mambo mawili kwa pamoja: ubaya uliotendeka, na raia walioupinga bila kushika silaha.

Hata hivyo tusidanganyane, masomo si chanjo. Mwaka 1990 Paul Kagame alikuwa mwanafunzi hapo Fort Leavenworth. Vita vilipoanza Rwanda mwezi Oktoba na kiongozi wao Fred Rwigyema kuuawa, alifunga vitabu akarudi kuongoza mapigano. Kapteni Amadou Sanogo wa Mali alisoma Marekani zaidi ya mara moja, na mwaka 2012 akaongoza wanajeshi waliopindua serikali iliyochaguliwa na raia.

Jirani zetu wa Siaya nao walimtoa Jenerali Francis Ogolla, aliyefunzwa urubani wa ndege za kivita na jeshi la anga la Marekani. Alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya helikopta yake ilipoanguka tarehe 18 Aprili 2024. Siku tatu baadaye alizikwa kwao Alego bila jeneza, kama alivyotaka mwenyewe. Kwa hiyo kila mwanafunzi hurudi na lake. Mwenyeji kazi yake ni kufungua mlango.

TURUDI PAP ONDITI

Basi letu bado limesimama sokoni, na wageni wanakutazama. Pengine utaanza na mtambo wa umeme wa Sondu Miriu, hukohuko Nyakach, wenye uwezo wa megawati 60. Ni fahari kweli. Lakini kanali mmoja anaweza kuuliza kama waya umefika kwenye nyumba zote anazoziona, nawe ujue utajibu nini. Wapeleke hospitalini, wapige foleni kama wengine. Wapeleke Nyakach ya chini, ambako mvua kubwa ikinyesha watu hubeba magodoro kichwani. Kisha waketi kwenye baraza la chifu, wamsikie mama akisimama kuuliza maswali yake kuhusu chakula cha msaada. Hapo ndipo patakuwa Kansas yetu.

Na je, utawaeleza habari za tarehe 1 Agosti 1982? Askari wa ngazi za chini wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali, damu ikamwagika Nairobi, na jeshi lote hilo likavunjwa. Upande huu wa ziwa ulionja uchungu wake. Jaramogi Oginga Odinga alizuiliwa nyumbani kwake Kisumu, naye mwanawe Raila akawekwa kizuizini bila kuhukumiwa hadi mwaka 1988. Kwa miaka mingi watu walinong'ona habari hizo, na mtoto akiuliza alinyamazishwa.

Mimi ningewaeleza. Kisha ningefungua Katiba ya 2010, kifungu cha 239, kinachosema kwamba vyombo vya usalama vya taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia. Mwanajeshi mgeni akikisoma kifungu hicho peke yake, ataona maneno tu. Akisikia kwanza habari za 1982, ataelewa kwa nini tuliyaandika.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida tunafikiria kuku atakayechinjwa, watoto wapate paja. Lakini kuna uponyaji mwingine. Mgeni akitarajiwa, tunafagia ua na kuuona uchafu tuliouzoea, na akiuliza swali tunatambua kwamba hata sisi hatukuwa tumelijibu.

Basi leo Jumapili, baada ya chakula, waulize watoto wako: maafisa kumi wakiteremka hapa mtaani kwetu, iwe ni Nyalenda, Kondele au Buruburu, tungewapeleka wapi? Sikiliza mahali watakapotaja kwa fahari. Kisha sikiliza zaidi mahali watakaposema, "Baba, hapo tusiwapeleke." Hapo ndipo pa kuanzia kufagia.