Sauti ya Baba bado inamwita Simba

Ukipita nyuma ya nyumba yetu mtaani Buruburu mwendo wa saa kumi na mbili asubuhi, utasikia sauti nzito ya mzee ikiita: “Simba! Njoo, mzee!” Tafadhali usibishe hodi ukitaka kumwamkia. Mwenye sauti hiyo alikuwa baba yangu, na tulimzika mwaka 2019. Anayeita ni kasuku.

Si yule wa kwenye daftari za shule. Huyu ni wa kijivu, mkia mwekundu. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na mwaka 1987 alirudi kutoka Zaire, ndiyo Kongo ya leo, akiwa naye ndani ya kikapu. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Kwa hesabu hiyo kasuku ni kaka yangu mkubwa, na mama hunikumbusha jambo hilo kila ninapomfokea. Ndege hawa wakitunzwa vyema huweza kupita miaka 40. Na kabla hujaniandikia barua kuuliza utampata wapi wako, jua kwamba tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaonaswa msituni imepigwa marufuku. Hapa Kenya nako kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni kosa. Sisi tuliitafuta karatasi hiyo baada ya mazishi, kwa jasho.

Simba na Jimmy waliingia nyumbani mwaka 2010 ndani ya boksi la sabuni, watoto wa tumbo moja, Baba alipostaafu. Tangu wakiwa vijibwa aliwaita “mzee”. Uzee wenyewe ulipofika, yeye hakuwepo kuuona.

Kuishi na mbwa kikongwe, ndugu yangu, ni kujifunza kutohamisha kitu. Simba ana mtoto wa jicho machoni mote mawili. Haoni, lakini ua wote umo kichwani mwake: hatua kadhaa kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji, kisha kushoto hadi langoni. Mwaka 2023 nilipanda miche 40 ya sukuma wiki katikati ya njia hiyo, nikidhani atazunguka. Wapi! Alipita juu yake asubuhi na jioni, polepole, kama diwani anayekagua barabara. Baba watoto akajenga ua wa fito. Simba akaugonga kwa pua, akaanguka, akabaki pale akitetemeka miguu. Jioni hiyo hiyo fito zikang'olewa. Sukuma tunanunua kwa mama mboga.

Kasuku naye ana kesi zake. Tulimfungulia siku moja anyooshe mbawa, akashuka kwenye mche wa pilipili kali na kuumaliza, mbegu kwa nyama, huku watoto wakisubiri aanze kulia. Hakulia. Nilikuja kujua kwamba ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi. Kinachoweza kuwaua ni avokado, tunda ambalo sisi twalipaka kwenye mkate. Nasi tuna mti wa avokado uani!

Tangu siku hiyo nililinda mti ule kama askari wa benki. Kitundu kilihamishwa upande wa pili. Watoto walinawa mikono kabla ya kumpa ndege njugu. Hakuna jani lililomkaribia.

Nilikuwa nikimwangalia ndege tu. Jimmy kwa miaka mingi alikuwa akiokota avokado zilizoanguka usiku, na tulikuwa tukimcheka kwa unene wake. Julai 2024, katika ile baridi ya Nairobi inayokaza viungo vya wazee, alikataa chakula siku mbili. Nikasema ni baridi. Siku ya tatu akaanza kutapika. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akampiga picha, akatuonyesha kokwa la avokado limekwama kwenye utumbo. Mbwa kijana angepasuliwa na kupona. Jimmy alikuwa na miaka 14 na moyo dhaifu. Hakuamka kutoka mezani.

Daktari hakunilaumu. Aliniuliza tu kama mti huo uko karibu na wanakolala, nami nikajibu ndiyo. Swali hilo bado ninalo.

Tulimzika chini ya mgomba. Wiki moja baadaye, alfajiri, nikasikia Jimmy akibweka. Nilikimbia nje na leso. Kasuku alikuwa ameinamisha kichwa, anabweka sauti ya Jimmy barabara, hata ule mkoromo wa mwisho. Simba, ambaye masikio yake yamebaki nusu, alikuwa amesimama akinusa upepo. Alizunguka ua mzima akitafuta. Siku ile niliapa kumtoa ndege yule nyumbani. Mama akaniuliza: “Na akiita kwa sauti ya babako, hiyo nayo utaitoa?” Nikanyamaza.

Sasa Simba ana miaka 15. Daktari ametueleza kwa upole kuhusu sindano ya kumlaza moja kwa moja, na akatuonya tusimpe dawa zetu za maumivu, kwani baadhi yake, kama ibuprofen, ni sumu kwa mbwa. Baba watoto anasema wakati umefika. Mama hataki kusikia. Mimi nasema wiki ijayo, na nimesema hivyo tangu Pasaka. Kila asubuhi nikidhani mnyama huyu hatainuka, ile sauti huita, “Simba! Njoo, mzee!” naye hukusanya miguu mmoja mmoja na kwenda langoni kumpokea mtu.

Binti yangu wa miaka minane aliniuliza juzi: “Mama, Simba akienda, kasuku atakuwa anamwita nani?”

Nilimtuma aokote avokado zilizoanguka. Ndiyo kazi yake ya kwanza kila akitoka shule, na mimi huzihesabu.